Povu Juu ya Lambo

Je, umewahi kuona kitu cheupe kama povu la sabuni kikining'inia kwenye tawi la mti, juu ya maji, wala hapana mtu aliyefua karibu? Sisi tulikiona mwanzoni mwa masika katika kijiji kimoja karibu na Muheza, mkoani Tanga, tulikokwenda kuzungumza na kikundi cha akina mama juu ya mambo ya malezi. Hatukwenda kwa ajili ya povu. Lakini siku ile halikuzungumzwa jambo jingine.

Kijijini hapo kuna lambo ambalo watu huchota maji ya kufulia na ya kumwagilia bustani. Juu yake limeinama tawi la mwembe. Baada ya mvua kubwa ya kwanza, watoto waliokwenda kuchota maji asubuhi walikuta mafungu matatu ya povu, kila moja kama ngumi mbili za mtu mzima, yamegandamana na tawi lile. Jana yake hayakuwapo. Mmoja akasema ni mate ya nyoka. Mwingine akasema ni dawa iliyotegwa ili watu wadhurike. Ilipofika saa nne, jina la mtu lilikuwa limekwisha kutajwa: bibi mmoja mjane, anayekaa peke yake ng'ambo ya lambo, ambaye huonekana jioni akiokota kuni.

Msomaji anajua maneno ya namna hii hufikia wapi. Katika nchi yetu wako wazee wa kike waliopigwa, na hata kuuawa, kwa sababu ya uvumi ulioanza na kitu kidogo kuliko hicho.

Mwenyeji wetu alisema kwa sauti, mbele ya wote, kwamba hayo ni mayai ya chura. Watu wakamcheka. Chura kutaga mtini! Hakubishana. Alisema tu kwamba usiku ule yeye atakwenda na tochi, na mwenye kutaka amfuate. Tulikwenda watu kumi, pamoja na yule mama aliyesema habari za dawa.

Kazi ya usiku

Tulifika lamboni saa mbili. Kelele za vyura wa majini zilikuwa nyingi hata tukashindwa kusikilizana. Kwa muda hatukuona kitu. Kisha kijana mmoja akamulika tawi, na kile tulichodhani ni kipande cha gome kikafumba jicho.

Alikuwa chura wa kijivu, mwembamba kiunoni, urefu wake karibu sentimeta 8. Alilishika tawi kama mtu ashikavyo mpini wa jembe, vidole viwili upande huu na viwili upande ule. Mgongoni mwake alikuwa amepanda dume, mdogo kuliko yeye, na pembeni madume wengine watatu wakisukumana kutafuta nafasi.

Jike ndiye mwenye kazi kubwa. Hutoa ute mwilini mwake, kisha huupiga kwa miguu ya nyuma, kulia na kushoto, vile vile kama sisi tupigavyo ute wa yai tunapotaka keki iumuke vizuri. Ute hujaa hewa ukawa povu, na mayai hutagwa humo kwa mamia. Madume nao huchapa miguu na kutia mbegu zao, hata watoto wa kiota kimoja huweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. (Hapo akina mama walicheka sana, wala hatutaandika yote yaliyosemwa.)

Yapata saa moja baadaye tuliona jambo lililotunyamazisha. Jike yule aliacha kazi, akateremka mpaka majini, akakaa humo kitambo, kisha akapanda tena na kuendelea kupiga povu. Ute unahitaji maji, na maji ya mwilini mwake yalikuwa yamepungua. Tulipokuja kusoma habari zake baadaye, tulikuta kwamba baadhi ya majike hurudi hata usiku wa pili kuongeza povu lisilo na mayai, ili kiota kisikauke.

Kulipokucha, ngozi ya nje ya povu ilikuwa imeanza kukauka kama ukoko wa wali. Ndani hubaki unyevu. Samaki na wadudu wa majini hawawezi kuyafikia mayai. Baada ya siku nne hadi sita hivi, upande wa chini hulainika, na viluwiluwi hudondoka wenyewe ndani ya maji. Ndiyo sababu chura huyu huchagua tawi lililoinama juu ya maji, na ndiyo sababu povu lile lilikuwa juu ya lambo, mahali panapotisha watu kuliko pengine popote.

Mama yule wa habari za dawa hakusema neno njiani. Alipofika mlangoni kwake ndipo aliposema, "Basi kesho nitapita kwa bibi." Hatukumwuliza zaidi.

Je, wote ni ndugu?

Wakati wa chai asubuhi maswali yakaanza. Mama mmoja alitaka kujua kama vile vichura vidogo vya kijani vinavyokaa kwenye majani ya migomba ni watoto wa huyu wa kijivu. Tulimjibu kwamba hatujui. Tuliporudi nyumbani tulitafuta, na jibu lilitushangaza: si watoto wake, wala si ndugu zake wa karibu.

Duniani zinajulikana aina zaidi ya 7,000 za vyura. Wengi hupanda miti, na karibu wote wapandao wana alama moja: ncha za vidole zimepanuka kama vifungo vidogo, zenye unyevu unaonata. Kwa hiyo zamani ilikuwa rahisi kuwaweka wengi wao katika kundi moja. Lakini hebu fikiri juu ya mama lishe wawili kwenye stendi ya mabasi. Wote wamejifunga khanga kiunoni, wote wana jiko la mkaa na masufuria ya namna moja. Je, wamezaliwa na mama mmoja? Mmoja ametoka Bukoba na mwingine Lindi; kazi ndiyo iliyowafananisha. Vivyo hivyo "chura wa mitini" ni jina la kazi, si jina la ukoo. Koo mbalimbali za vyura zilipanda miti kila moja kwa wakati wake, na kila moja ikapata vidole vya kunata.

Chura wetu wa povu huitwa na wataalamu Chiromantis xerampelina. Alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1854 na Mjerumani Wilhelm Peters, kutokana na vyura waliopatikana Msumbiji. Na ukoo wake uko wapi? Uko Asia! Ndugu zake wanaishi India, Sri Lanka, Borneo, hata Japani, na wengi wao nao hupiga povu. Katika Afrika kusini ya Sahara ukoo huo una aina chache tu. Mmoja wa ndugu hao wa Asia alimshangaza Mwingereza Alfred Russel Wallace alipokuwa Borneo mwaka 1855. Kibarua mmoja wa Kichina alimletea chura mkubwa, akasema amemwona akishuka kwa mshazari kutoka mti mrefu kana kwamba anaruka angani. Wallace alipomkunjua miguu aliona ngozi pana katikati ya vidole, kama mwavuli.

Wale wa kijani wa migombani tulioulizwa habari zao huenda ni wa ukoo mwingine kabisa, ulio wa Afrika na visiwa vya jirani, wenye aina zaidi ya 200. Wataalamu huwaita vyura wa matete. Hawa wamewasumbua wenye elimu kwa miaka mingi. Chura mmoja akiwa mchanga ana rangi ya kahawia, akikua ana madoa au mistari. Jike ana rangi yake na dume yake. Na wa bonde hili si kama wa bonde lile. Ni kama kununua khanga: ukitazama rangi tu utadhani ni mia, kumbe mchoro ni mmoja. Katika ukoo huo huo wako wadogo wanaotaga juu ya jani, kisha huikunja ile kingo na kuibandika kwa ute, mayai yakabaki ndani kama sambusa. Mmoja wao, Afrixalus fornasini, ameonekana akila mayai ya vyura wengine. Kwa hiyo kumfunika mtoto si ushamba.

Kundi la tatu ni Leptopelis, vyura wenye macho makubwa. Mmoja wao, mzuri sana, hukaa katika misitu ya milima ya Usambara, si mbali na kijiji kile. Kwa muda mrefu waliwekwa pamoja na vyura wa matete, maana vidole vyao vinafanana mpaka ndani ya mifupa. Mwaka 2006, baada ya vinasaba kuchunguzwa, walihamishiwa ukoo mwingine, ambao wengi wao hukaa chini kwenye majani makavu. Na hawa Leptopelis, pamoja na kupanda kwao, hushuka na kufukia mayai yao ardhini. Tena yuko mmoja wao, Leptopelis bocagii, asiye na haja na miti: yeye huchimba udongo akakaa humo mpaka mvua zirudi. Amehesabiwa pamoja na vyura wa mitini kwa sababu ya nduguze tu.

Vyura wa mitini wanaojulikana sana vitabuni, wale wa Ulaya na Amerika, ni wa koo nyingine tena. Hatutakaa sana kwao, ila mmoja hatuwezi kumpita. Katika Amerika ya Kati yuko chura wa kijani mwenye macho mekundu, ambaye hutaga mayai juu ya majani yaliyo juu ya maji. Mtafiti Karen Warkentin alieleza mwaka 1995 kwamba nyoka akianza kula mayai hayo, vitoto vilivyobaki huweza kutoka mapema, kabla ya siku zao, na kudondoka majini vikaokoka. Visiposumbuliwa hukaa ndani ya yai mpaka vikomae.

Mwenye jina la Kiswahili

Kati ya wote tuliosoma habari zao, mmoja ametugusa zaidi. Mwaka 2002 wataalamu walieleza chura wa mitini aliyepatikana katika milima ya Ukaguru, mkoani Morogoro. Hakufanana na mwingine yeyote, ikabidi atengewe kundi lake peke yake. Nao wakampa jina la Kiswahili: Churamiti maridadi. Ndivyo aandikwavyo katika vitabu vya elimu London na Chicago. Wenye elimu walipata wawili tu. Ukoo wake si wa povu, wala si wa matete; yeye ni wa ukoo wa wale vyura wenye ngozi ya vipele tuwaonao uani, ila amepanda mti.

Mwaka 2019 watafiti walipanda tena Ukaguru kumtafuta. Hawakumpata. Walipata mwingine ambaye hakuwa amejulikana, wa jamii ya vyura wa matete, na mwaka 2023 wakamtangaza: Hyperolius ukaguruensis. Dume wake haimbi. Vyura wengi hupata wenzi kwa sauti, lakini huyu ana vijimiba vidogo kooni, na wataalamu wanafikiri kwamba huenda jike humtambua kwa kumgusa.

Misitu ya milima hiyo ni kama visiwa. Chura wa Ukaguru hawezi kuteremka nyikani kwenye jua kali akaenda kutafuta makao mlima mwingine. Msitu ukikatwa kwa shamba au kwa mkaa, hana pa kukimbilia. Sisi tunaopika kwa mkaa hatuwezi kujifanya hatumo.

Jambo moja dogo kwa wenye watoto. Mtoto akimshika chura wa mitini hatapata chunjua. Lakini anawe mikono baadaye, wala asijiguse macho, maana ngozi ya vyura wengine hutoa majimaji yanayowasha. Na anawe kabla pia, kwa ajili ya chura, kwa kuwa ngozi yake hunyonya chumvi na mafuta yaliyo mikononi mwetu.

Tulirudi kijijini siku ya sita. Watoto walikuwa wameketi ukingoni mwa lambo wakihesabu kwa sauti viluwiluwi vinavyodondoka, na kila mmoja alikuwa na hesabu yake. Yule bibi mjane alikuja na ndoo, akaomba apishwe. Yule mama wa habari za dawa akaipokea, akamchotea.

Tulimwuliza bibi kama anawafahamu vyura hawa.

"Nawajua tangu nikiwa msichana," alisema. "Marehemu mama ndiye aliyenionyesha. Wakipiga povu, sisi tulikuwa tunapanda mahindi."

Tukamwuliza mbona siku ile hakusema.

"Nani aliniuliza?" akajibu, akajitwisha ndoo yake, akashika njia ya kwake.