Usiku Unaanza Saa Ngapi? Muziki wa Nje Katika Vijiji vya Mpakani

Ndugu wananchi wa Busia, Malaba, Lwakhakha na vijiji vilivyo kati yao, saa zetu na za majirani wetu wa Kenya husoma sawasawa, lakini sheria za kelele haziuhesabu usiku kwa namna moja. Kwetu Uganda, kanuni za kelele za mwaka 2003 zinauanza usiku saa nne, hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ng'ambo, kanuni za mwaka 2009 zinauanza saa mbili. Hivyo, kila jioni kuna muda wa saa mbili ambapo mwenye harusi upande wetu bado yumo katika mchana wa kisheria, ilhali jirani aliye ng'ambo ya mto amekwisha kuingia usiku. Hapo ndipo ugomvi huzaliwa.

Sheria inayofuatwa ni ya nchi ambamo spika imesimama. Hata hivyo, wapo wanaodhani kwamba kabla ya saa nne kila sauti ni halali. Sivyo. Kwetu, kiwango katika makazi ni desibeli 50 mchana na 35 usiku, na hiyo 35 haizidi sana mnong'ono. Spika inayotoa desibeli 100 kwa umbali wa mita moja, mahali pa wazi, hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Kwa hesabu hiyo, nyumba iliyo mita 300 bado hupata takriban desibeli 50, na iliyo kilomita moja hupata 40. Usiku mtulivu huzidisha mambo: hewa iliyo karibu na ardhi hupoa kuliko ya juu yake, na sauti hupindwa kurudi chini. Ndiyo maana mgonjwa aliye kijiji cha pili husikia besi kana kwamba inapigwa uani kwake.

Barua ya mwenyekiti wa LC1 huujulisha uongozi juu ya sherehe. Haimruhusu mtu kuvuka kiwango. Ruhusa hiyo huombwa NEMA mapema. Upande wa Kenya, udhibiti wa kelele ni kazi ya serikali za kaunti.

Hatuzungumzii ngoma za imbalu. Katika miaka ya shufwa, Wamasaba wa kwetu na Wabukusu wa ng'ambo hutahiri vijana wao, na jirani anayezisikia ngoma hizo mara nyingi ni mmoja wa wachezaji. Taabu yetu ni jenereta na spika za kukodi zinazoachwa zikinguruma hadi alfajiri, hasa matangani, ambapo wafiwa wenyewe huwa wamekwisha kulala. Kuzigeuza spika zielekee uani badala ya mtoni hakugharimu chochote.

Kelele zikitoka ng'ambo, tafadhali usivuke usiku kwenda kuzima jenereta ya watu. Ukipita njia ya panya, wewe ndiwe utakayekuwa mkosaji wa kwanza, na katika giza hakuna atakayeuliza ulikuja kwa nia gani. Askari wetu naye hana mamlaka ya kumkamata mtu huko. Mpelekee taarifa mwenyekiti wako au kituo cha polisi kilicho karibu, nasi tutawasiliana na wenzetu wa upande wa pili. Andika saa kelele zilipoanza na upande zilikotoka, kwa kuwa wenzetu watauliza kwanza kama ilikuwa kabla au baada ya saa mbili.