KIPIMO CHA HAKI: KUPANGA NGUVU ZA INJINI KATIKA MCHEZO WA TRENI

Tunajibu swali la baadhi ya wanafunzi wetu wanaocheza mchezo wa treni kwenye kompyuta: "Tumeongeza nguvu za injini, mbona treni bado inashindwa kuondoka?"

Microsoft Train Simulator, mchezo uliotoka mwaka 2001, huweka sifa za kila kichwa cha treni katika faili linaloishia na .eng. Open Rails, programu ya bure, nayo husoma mafaili hayohayo. Humo mna mambo mawili yasiyofanana. MaxPower ni uwezo wa injini, hupimwa kwa kilowati. MaxForce ni kani, yaani ule mvuto wa kukokota mabehewa, nayo hupimwa kwa kilonyutoni.

Tuchukue kichwa cha Kimarekani cha Dash 9, chenye nguvu za farasi 4,400, sawa na kilowati 3,281 hivi. Uwezo ni kani mara mwendo. Basi, tukiacha kinachopotea njiani, treni ikienda kilomita 36 kwa saa (mita 10 kwa sekunde) kani haizidi kilonyutoni 328. Ikienda kilomita 72, kani hubaki 164. Lakini wakati wa kuondoka mwendo ni karibu na sifuri, na hapo anayetawala ni MaxForce. Ndiyo maana kuongeza MaxPower peke yake hakukufaa kitu.

Je, tuongeze kani bila mpaka? Hapana. Magurudumu hushika reli kwa uzito wa kichwa. Dash 9 ina tani 190 hivi, na mshiko kwenye reli kavu ni kama robo hadi theluthi ya uzito, yaani kilonyutoni 465 hadi 620. Ukizidisha hapo, magurudumu huzunguka bure. Mzigo ukiwa mzito, ongeza kichwa cha pili au punguza mabehewa.

Kabla ya kubadili chochote, weka nakala ya faili. Tena andika kW au kN pamoja na namba, kwani namba tupu huweza kusomwa kuwa wati, na treni isisogee kabisa.

Ndugu wanafunzi, Sura ya Al-Mutaffifin inawaonya wanaopunja vipimo. Katika mchezo hapana mnunuzi wa kudhulumiwa, lakini mkono uliozoea kuandika namba ya uongo ili ushinde, kesho ndio utakaoshika mizani ya duka. Tuuzoeshe haki mapema. Na adhana ikisikika, simamisha treni.

Wabillahi tawfiq.