Wachumi Wanawake Wanakwama Wapi?

Februari 2025 Soraya Hakuziyaremye aliteuliwa kuwa Gavana wa Benki Kuu ya Rwanda, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangulia mwaka 2021 ilipomteua Malangu Kabedi-Mbuyi. Benki kuu za Tanzania, Kenya na Uganda zilianza zote mwaka 1966, na hakuna hata moja iliyowahi kuwa na gavana kamili mwanamke.

Husemwa sababu ni kwamba wasichana wanaogopa hesabu. Sikubaliani. Aogopaye hesabu hasomi uchumi tangu mwanzo. Ninaowazungumzia mimi walifaulu vizuri, wakabakizwa chuoni kuwa wahadhiri wasaidizi, kisha wakaganda hapo. Wanakwama kwenye shahada ya uzamivu, kwa sababu zamu yake huja wakati uleule wa kuzaa na kulea.

Chukua mhadhiri msaidizi wa Dar es Salaam mwenye mtoto mchanga. Sheria inampa siku 84 za likizo ya uzazi. Ili apande cheo, chuo kinamtaka awe na uzamivu. Akipata ufadhili, fomu inaonyesha ada, nauli na posho ya mtu mmoja. Mtoto na yaya hawamo. Baadhi ya wafadhili huweka ukomo wa umri, wengine huhesabu miaka tangu umalize shahada ya mwisho, na wengi hawaulizi mingapi kati yake ilipitia leba na kliniki. Hata njia ya karibu ina mtihani wake. Taasisi ya utafiti wa uchumi barani Afrika, AERC, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1988, imewasomesha wachumi wengi wa Kiafrika bila kuwapeleka Ulaya, lakini kwa miaka mingi masomo yake ya kuchagua yamewakutanisha wanafunzi wa nchi mbalimbali Nairobi kwa miezi kadhaa. Baba hufunga begi akaondoka. Anayenyonyesha atamwachia nani?

Anayevuka hapo hukutana na mengine. Kazi za ushauri elekezi, ambazo ndizo huongezea mshahara wa chuo, mara nyingi hupatikana kwa kujuana, na kujuana huko hujengwa jioni, baada ya kazi, saa ambazo yeye yuko jikoni. Na huko Marekani, mchumi Heather Sarsons amegundua kuwa makala ambayo mwanamke ameandika pamoja na wanaume humsaidia kupata ajira ya kudumu chuoni kwa kiasi kidogo kuliko inavyomsaidia mwanamume.

Hasara si ya wanawake peke yao; fani yenyewe pia hukosa maswali yao. Kanuni za kimataifa za kukokotoa Pato la Taifa zinakubali kuhesabu uchotaji wa maji na ukusanyaji wa kuni, lakini upishi na ulezi wa nyumbani umeachwa nje. Swali la kwa nini umeachwa huulizwa zaidi na anayeijua kazi hiyo mgongoni mwake.

Wakuu wa vyuo na wafadhili, wekeni fungu la mlezi kwenye bajeti ya ufadhili, na miaka ya uzazi msiihesabu kwenye ukomo wa umri. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kumsomesha mtu hadi uzamili kisha kumpoteza.