Msaada wa Pekee Haufuti Haki ya Wote



Leo napenda kuzungumza nanyi wazazi wenye watoto walemavu, na ninyi majirani zao, juu ya kosa moja nililolitenda mimi mwenyewe. Nalisema ili wengine wasilirudie.

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa parokia yetu alimleta mwanawe ofisini. Miguu ya mtoto haikuwa na nguvu, lakini akili zake timamu. Wafadhili wakampatia kiti cha magurudumu, na fedha kidogo kila mwezi za kumtunza. Nami nikaandika katika daftari: "Amekwisha kusaidiwa."

Wakati wa kuandikisha darasa la kwanza ulipofika, mwalimu mkuu aliniuliza habari zake. Nikajibu, "Huyo ana wafadhili wake, tunamtafutia shule ya walemavu." Nafasi haikupatikana, na mtoto akakaa nyumbani miaka miwili. Kwa zile fedha za kila mwezi tukamlipa kijana mmoja amfundishe kusoma, siku mbili kwa juma. Nayo shule ya kijiji ilikuwa karibu, hata mtoto aliisikia kengele yake kila asubuhi, na ada ilikwisha kuondolewa. Halafu mpira wa kiti ukapasuka. Fedha za kununua mwingine hazikuwapo, maana tulikuwa tumelipia kitu ambacho Serikali yawapa watoto wote bila ada.

Mama yake akanijia. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Mwalimu, kwani mwanangu alibatizwa kwa maji ya peke yake?"

Nilikosa jibu. Jina la mtoto yule limo katika kitabu kilekile cha ubatizo ninachokitunza, katikati ya majina ya watoto wengine.

Basi, ndugu, tuelewane. Msaada wa pekee ni kwa ajili ya mahitaji yale ambayo ulemavu umeyaongeza: kiti, magongo, fimbo nyeupe, nauli ya kwenda hospitali ya mbali. Lakini shule, zahanati, chanjo na mikopo ya halmashauri ni vya mlemavu kama vilivyo vyako. Hiki hakichukui mahali pa kile.

Hata sheria yasema hivyo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yataka mtoto mlemavu asome katika shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano ya namna ya pekee. Na mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ulioanza mwaka 2012, uliweka masharti kwa baadhi ya fedha zake: watoto wadogo wapelekwe kliniki, na wa umri wa shule wahudhurie darasani. Mnaona? Fedha zilitolewa ili mtoto aende kwenye huduma za wote, si ili abaki nyumbani.

Yatupasa kufanya nini?

Kwanza, mtoto akizaliwa na nyayo zilizopinda, msingoje mfadhili. Mwonyesheni muuguzi wa kliniki katika majuma ya kwanza, awaelekeze hospitali. Mtoto angali mchanga, miguu huweza kunyoshwa kwa plasta inayobadilishwa kila juma.

Pili, mwandikisheni shule pamoja na rika lake. Ndipo fedha za wafadhili zitengeneze kiti chake na njia ya mteremko mlangoni pa darasa.

Tatu, ninyi watu wazima: sheria ya mwaka 2018 iliagiza kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Mama mlemavu asidhani kwamba fungu lake ni lile la 2 tu. Yeye ni mwanamke pia. Amwulize Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata masharti ya kila fungu.

Nne, kabla ya kutoa shilingi ya msaada, jiulizeni: je, kitu hiki chatolewa kwa wote? Kama ndiyo, kidaini huko kwanza, na shilingi hiyo iwekeni kwa lile lisilotolewa.

Mtoto yule sasa yuko darasa la tatu. Siku za mvua, tope likizidi, wenzake humsukuma, na wakishindwa humbeba. Nikiwaona hukumbuka Injili ya Marko, sura ya 2, wale watu wanne waliombeba mwenye kupooza. Hawakumtafutia nyumba ya peke yake. Walitoboa dari wakamshusha palepale walipokuwapo watu wote, mbele ya Yesu.

Mtazame jirani yako. Kama mwanawe yungali nyumbani wakati kengele ya shule inalia, nenda ukabishe hodi leo.

Mungu awabariki.