Kiungulia cha muda mrefu kisidharauliwe

Kiungulia cha siku moja baada ya kushiba sana si hatari. Lakini kikirudi kila wiki kwa miaka, asidi inayopanda kutoka tumboni huchoma umio, yaani njia ya chakula, na utando wake wa ndani hubadilika. Kwa watu wachache huishia kansa ya sehemu ya chini ya umio.

Huku Afrika Mashariki kansa nyingi za umio ni za aina nyingine, inayohusishwa na tumbaku, pombe, hata vinywaji vya moto kupita digrii 65. Basi chai ipoe kidogo, ingawa Rubavu kuna baridi!

Usilale mara tu baada ya kula. Chakula kikikwama, ukikonda au ukitapika damu, acha dawa za sokoni, njoo zahanati leo.