Uwanja wa Mbwa Usio na Uzio

Watoto wangu, mbwa naye hucheza. Sisemi kuchezeshwa na mtu anayemrushia kijiti. Nasema kucheza na mbwa wenziwe: mbio, miereka, kufukuzana mpaka ulimi uning'inie nje. Ng'ambo kuna watu waliomtengea uwanja wa kazi hiyo tu. Mwaka 1979, katika mji wa Berkeley, jimbo la California huko Marekani, ilifunguliwa bustani iitwayo Ohlone, ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza nchini humo ambako mbwa hufunguliwa mnyororo akajiendea. Viwanja vya namna hiyo sasa ni vingi, na vingi vina malango mawili. Unaingia la kwanza, unalifunga nyuma yako, unamfungua mbwa, ndipo unafungua la pili. Mbwa wa mwenzio hapati mwanya wa kuchoropoka.

Hapa Msambweni, pwani ya Kenya, hatuna uwanja wa hivyo. Tuna ufuo, na anayeufungua na kuufunga ni mwezi.

Maji ya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila kukicha saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukimbia mbali, mchanga ukabaki mpana na miamba ikatoka nje. Siku za maji mafu bahari haiendi mbali sana. Kwa hiyo mwenye kutaka kumpeleka mbwa wake akatimue mbio, na amuulize mvuvi kwanza. Ukishuka maji yamejaa, utajikuta umebanwa baina ya mawimbi na minazi, wewe na mbwa wako na kila mtu anayepita.

Basi twendeni siku ya bamvua, asubuhi, jua halijawa kali. Akina mama wako mbali kule mwambani wanatafuta pweza. Mitumbwi imelala ubavu. Huyu anayekuja ni askari wa nyumba moja ya ufuoni, na jibwa lake la kizungu linamvuta mpaka anatembea kinyumenyume. Nyuma yake mzee mwenye shamba la mihogo, na mbwa mwembamba wa rangi ya mchanga ambaye mchana hufukuza tumbili na usiku nguruwe mwitu. Wapo pia mbwa koko wawili watatu, wasio na mwenyewe wala mnyororo.

Sasa wanafunguliwa. Msikodolee mbio, tazameni salamu. Mbwa mwenye adabu hamwendei mwenziwe uso kwa uso. Anazunguka ubavuni, anamnusa kwa nyuma, naye anakubali kunuswa. Msicheke, hizo ndizo habari za asubuhi. Ndani ya pua yake mna vinusio zaidi ya milioni 100, sisi tuna milioni chache tu, na kwa harufu hiyo anajua mwenziwe ni dume au jike na yuko katika hali gani. Mkipata mbwa mliyemzoea, mwangalieni pua kwa karibu: pembeni mwa kila tundu pana ufa mdogo. Hewa anayoitoa hupitia huko, isiipeperushe harufu mpya inayoingia kwa mbele.

Halafu yule wa shamba anainama, miguu ya mbele imelala mchangani, makalio juu. Hapo anasema: tucheze, na nitakachofanya sasa si vita. Jibwa linaruka, wanashikana shingo kwa meno bila kuumana, wanaviringika, na aliyekuwa chini anapewa zamu ya kuwa juu. Ukiona mmoja yuko chini muda wote na anatafuta pa kupenyea, huo si mchezo tena.

Mara mbwa koko mmoja anasimama, mwili umekakamaa, mkia wima, manyoya ya mgongo yameinuka. Mkia unacheza kidogo, lakini msidanganyike, mkia unaotikisika si lazima uwe wa furaha. Mzee ameshaona.

"Mwanangu, mwite huyo wako."

"Naam, mzee."

Askari anapiga mluzi, jibwa linarudi. Jambo limekwisha, kwa sababu wenye mbwa walikuwa wanatazama mbwa wao na si simu.

Nanyi mkijiwa na mbwa msiyemjua, msikimbie wala kupiga kelele. Simameni, mikono chini, macho pembeni. Anayekula, anayelala na mwenye watoto haguswi, hata awe wa kwenu.

Kuna jambo jingine ambalo ng'ambo hawana haja ya kulifikiria katika viwanja vyao vya uzio. Juu pale, maji ya kujaa yasipofika, kasa jike hupanda usiku, akachimba na kufukia mayai mia au zaidi. Yanakaa kama miezi miwili ndipo yaanguliwe. Mbwa akiyanusa, na atayanusa, huyafukua yote kwa dakika chache. Kwa hiyo mkiona alama za vijiti zilizowekwa na walinzi wa kasa, au mburuzo mpana kutoka majini, mbwa afungwe hapo hapo. Acheze chini, kwenye mchanga mbichi, akawasumbue kaa.

Najua wengine wenu mnasema, sisi ni Waislamu, mbwa ni najisi. Mmefundishwa sawasawa chuoni: kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani hii, mate yake yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Lakini huko huko chuoni mmesikia hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatuni, akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Kuepuka mate ni jambo moja. Kumtupia mawe mbwa anayejipitia ni jambo jingine, na hilo sijui mmelifundishwa na nani.

La mwisho ni kichaa cha mbwa. Tarehe 6 Julai 1885, huko Paris, mtoto wa miaka 9 aitwaye Joseph Meister, aliyeumwa vibaya na mbwa, alianza kudungwa chanjo ya Louis Pasteur. Akapona, akakua, akawa mlinzi katika taasisi ya Pasteur. Chanjo ipo mpaka leo, ila lazima itangulie: dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mwambie mkubwa hata kama ulikuwa mtundu, na mwende hospitali siku hiyo hiyo. Kenya imejiwekea shabaha kwamba ifikapo 2030 asife mtu kwa ugonjwa huu, na njia yake ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba. Mwenye mbwa nyumbani amuulize baba au mama leo: huyu wetu amechanjwa lini?