Hita ya Bafuni: Nani Ameipima?

Ifikapo Juni na Julai maji ya asubuhi hapa Kalenga hayashikiki, na wenzetu wa Mufindi, Makete na Mbeya wanayajua hayo kuliko sisi. Zamani kila nyumba ilikuwa na sufuria kubwa jikoni kwa ajili ya maji ya kuoga. Siku hizi umeme umefika vijijini kwa miradi ya REA, na familia nyingi zimefunga hita ndogo juu ya bomba la kuogea, ile inayopasha maji yakiwa yanapita.

Sisi wauguzi hatuna ugomvi na hita. Mama aliyejifungua na mtoto mchanga wanahitaji maji ya vuguvugu. Tena ni heri hita mara mia kuliko jiko la mkaa linaloingizwa chumbani na mlango kufungwa, maana hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Swali letu la mwezi huu ni moja: hita yenu ilifungwa na nani, na baada ya kufungwa ilipimwa na nani?

Mara nyingi tukiuliza tunaambiwa ni baba mwenyewe, au kijana wa jirani mwenye bisibisi. Hatuwadharau, kwani wengine wana mikono mizuri. Lakini kwa taratibu za nchi yetu, kufunga nyaya za umeme katika nyumba ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Nyumba mpya inapoombewa umeme, fundi huyo huchora mchoro wa nyaya, hujaza fomu, huweka sahihi na muhuri wake, ndipo TANESCO huja kukagua, hupokea malipo na kufunga mita ya Luku. Wenye nyumba ndogo waliopewa kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, hawahitaji kutandaza nyaya, ila wajue kwamba kifaa kile ni cha taa na matumizi madogo. Hita haimo.

Hapa pana mambo mawili yanayotusikitisha. La kwanza ni muhuri wa kukodi. Mtu anafunga nyaya mwenyewe, kisha anamtafuta mwenye leseni ampigie muhuri bila hata kufika nyumbani. Fomu inapita, lakini hakuna aliyepima kitu. La pili ni kwamba hita huongezwa baadaye, mita ikiwa imekwisha kufungwa. Nyaya zilizo baada ya mita ni mali na mzigo wa mwenye nyumba, na hakuna mtu atakayebisha hodi kuuliza umeongeza nini bafuni.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama umefunga hita mwenyewe, usiiwashe kwanza. Mwite fundi mwenye leseni, umwombe akuonyeshe hiyo leseni, utazame na tarehe ya kuisha kwake. Usipige lipu juu ya nyaya kabla hajaziona. Huenda akakataa kuweka jina lake kwenye kazi ya mtu mwingine mpaka afungue na kurudia sehemu fulani. Usikasirike, huyo ndiye fundi unayemtaka. Anayesaini akiwa amesimama mlangoni ndiye wa kumwogopa.

Kwanza atatazama unene wa waya. Hita ya wati 5,000 kwenye umeme wetu wa volti 230 huvuta karibu ampea 22. Waya wa taa wa milimita 1.5 hauwezi mzigo huo, utapata moto ndani ya ukuta na kuyeyuka. Hita hutaka waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la breka, kwa kawaida milimita 4 au 6, na breka yake. Kisha, meni swichi ikiwa imezimwa, atapima kama nyaya zinavuja, na kama waya wa ethi umeshika tangu kwenye hita mpaka kwenye ile fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini.

Tukae kidogo kwenye ethi, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Ule waya wa kijani na njano wengine huukata kwa sababu hita inawaka hata bila huo. Ni kweli inawaka. Lakini siku kipasha moto kikipasuka, umeme hukosa njia ya kushuka ardhini, nao hushuka kupitia kwa anayeoga. Wengine huufunga waya huo kwenye bomba la maji kama walivyoona kwenye majengo ya zamani. Mabomba yale yalikuwa ya chuma. Ya leo ni ya plastiki, na plastiki haipeleki umeme popote. Tena ardhi yetu hukauka sana kuanzia Juni mpaka Oktoba, na fimbo iliyopimwa wakati wa masika inaweza kuwa dhaifu kiangazi. Mwombe fundi apime wakati ardhi ni kavu.

Mwishowe adai pawepo breka inayohisi umeme unaovuja, ambayo mafundi huiita RCD. Ile ya miliampea 30 hukata umeme kabla moyo haujavurugika. Balbu ya zamani ya wati 60 hutumia karibu miliampea 260, na moyo wa binadamu unaweza kusimama kwa chini ya nusu ya hapo. Ngozi kavu huuzuia umeme kiasi, lakini ngozi iliyolowa na yenye sabuni karibu haizuii kitu. Breka hiyo ina kitufe cha kujaribia. Kibonyezeni kila mwezi, na isipojizima mwiteni fundi.

Tuliwahi kumpokea mama mmoja ambaye kwa wiki mbili alikuwa akiwaambia watu wa nyumbani kwake kwamba bomba linamtekenya vidole. Walicheka, wakasema ni baridi. Siku ya tatu ya wiki iliyofuata alianguka bafuni. Mumewe alikuwa na akili ya kukimbilia meni swichi kabla ya kumgusa, na hivyo tulimpokea mgonjwa mmoja badala ya wawili. Bomba likikutekenya, zima hita hapohapo na usiiwashe tena mpaka ipimwe.

Ikitokea ajali, zima meni swichi kwanza. Kama haifikiki, simama juu ya kitu kikavu na umsukume mgonjwa kwa mti mkavu, kamwe si kwa mkono. Kama hapumui, mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kishuke kama sentimita 5. Endelea bila kuchoka, mkipokezana, huku mwingine akitafuta gari. Palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Dawa ya meno, majivu na mayai viacheni jikoni, sisi huanza kwa kuviosha.

Msidanganywe na kidonda kidogo. Umeme huingia mahali pamoja na kutokea pengine, na katikati huunguza nyama tusizoziona. Aliyepigwa na umeme akaanguka, au akapoteza fahamu hata kidogo, aletwe hospitali hata kama anatembea na kuongea. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, mwambieni muuguzi mara moja, kwani ni dalili kwamba misuli imeharibika na figo zimo hatarini. Mama mjamzito aletwe siku hiyohiyo ili tusikilize mapigo ya moyo wa mtoto, hata kama yeye mwenyewe anajiona mzima.